Kwa Nini Mti Uliokauka Hugharimu Zaidi Kuuondoa

Wiki iliyopita mteja wetu wa Tabata alitukatia simu akiamini kwamba tumemlalia bei. Mwaka jana tulimtajia gharama ya kuuondoa mwembe wake ulioinamia ukuta wa jirani, akaiona kubwa; akamlipa kijana auchune gome kuuzunguka wote ili ukauke wenyewe, kisha akatuita akitarajia nafuu. Bei tuliyompa safari hii ilikaribia mara mbili ya ile ya kwanza.

Mti mbichi humbeba fundi. Hupanda hadi juu, akafunga kamba kwenye tawi imara, akakata kipande kimoja kimoja, na wenzake walio chini wakakiteremsha taratibu bila kugusa bati wala ukuta. Mti uliokauka ungali umesimama huliwa na mchwa na kuoza ndani huku nje ukionekana mzima, na tawi lake hukatika bila kutoa dalili. Kwa kuwa hatuna pa kufunga kamba tunapopaamini, hulazimika kukodi kreni, na kreni ndiyo inayopandisha bei. Wanaomwaga chumvi au oili chafu kwenye mizizi huishia hapo hapo, tena na udongo ulioharibika. Kule Mbezi tuliukuta mwarobaini uliochomwa moto shinani; fundi wetu alipougonga kwa nyundo ulilia kama ngoma, nasi tukakataa kuupanda.

Bei yetu hubeba pia kazi ambayo mteja haioni. Kabla ya msumeno kuwashwa tunapita ofisi ya serikali ya mtaa, na nyaya zikiwa karibu tunaomba TANESCO wazime umeme. Mteja mwingine alikasirika tulipogoma kuangusha mvule uliokuwa uani kwake, akisema kiwanja ni chake na hati anayo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu aina fulani za miti kulindwa hata nje ya misitu ya hifadhi, na mvule umo, pamoja na mninga na mpingo. Tulisubiri kibali cha afisa misitu, kisha hati ya kusafirishia magogo, kwa sababu bila hati hiyo gari lililobeba magogo lingezuiliwa kwenye kizuizi cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Mwembe wa Tabata bado umesimama. Tumemsihi mwenyewe asiegeshe gari wala kuruhusu watoto wacheze chini yake, na kreni tutaikodi siku atakayokuwa tayari, ila kwa bei ya mwaka jana hatuwezi.