Yaya, pesa yako haiko mu ile nyumba

Yaya yangu,

Habari ya Goma? Batoto bako namna gani, na mama mugongo inamupatia nafuu? Mi niko muzima, Mungu ananisaidia. Unisamehe kwa kukawia. Ile voisi yako ya kuniomba niangalie kama pesa ya papa ingali mu banki, niliisikiliza mara tatu, mara ya tatu nilikuwa mu taxi-bus pale komine ya Kenya, huku Lubumbashi, nikashuka mbele ya kufika juu machozi ilikuwa inakuja na batu balikuwa bananiangalia. Sikutaka kukujibu kwa voisi ya dakika mbili. Leo ni siku ya yenga, tumetoka kanisa, tumekula bukari na bitoyo (huku ugali njo banaita bukari, nimeshazoea), sasa nimekaa nakuandikia yote.

Nianze na kazi, kiisha nitakuja ku jambo yako.

Niko mu servisi ya informatiki ya banki, tuko batu bane tu kwa ma-ajansi yote ya huku. Siku ya kwanza nilivaa ile shati yeupe ulinitumia, nikafikiri leo leo bananiingiza mu sale ya serveri, zile ordinatere kubwa zenye kuchunga maandishi ya banki, unajua vile tulikuwaka tunaota ile mambo wakati tulikuwa tunasoma. Shefu akanipatia turnevisi na brosi ndogo kama ya kupakia rangi, akanipeleka ku gishe, akasema toa vumbi mu emprimante zote (mashini za kuchapa karatasi), moja moja. Huku mu wakati ya jua, mwezi wa sita na wa saba, ni baridi kweli na vumbi nyekundu inaingia kila mahali, mu emprimante, mu mashini ya kutoa pesa, mu pua. Wiki nzima nilifanya ile kazi. Ilinichoma roho Yaya, sitakuficha, miaka mitano ya masomo juu ya kupanguza emprimante?

Siku ya tano shefu akaniita, akanikalisha, akaniuliza kama najua habari ya banki kuu ya Bangladesh. Nikasema kidogo tu. Akanielezea pole pole. Mwezi wa pili 2016 wezi baliingia mu ordinatere ya ile banki kule Dhaka, bakatuma ma-order kupitia SWIFT, ile mutandao yenye mabanki banatumianaka nayo ujumbe wa pesa, bakaomba banki ya New York itoe karibu dola miliare moja mu konti ya Bangladesh. Nyingi ilizuiliwa, lakini milioni 81 ilifika Ufilipino na sehemu kubwa ikapotelea mu makasino. Milioni 20 ilienda Sri Lanka ikarudi, juu wezi balikosea kuandika neno moja tu, foundation bakaandika fandation, mutu mumoja mu banki akaona akauliza hii ni nini. Na unajua alama ya kwanza kule Dhaka ilikuwa nini? Emprimante. Ile ilikuwaka inatoa karatasi za kila order yenyewe bila kuguswa, asubui ile haikutoa kitu, wezi balikuwa bameishaizima, na batu ba kazi balifikiri ni panne ya kawaida kama ya siku zote. Ilikuwa siku ya tano ya juma (Ijumaa), kwao njo siku ya kupumzika, saa zikaenda.

Shefu akaninyamazia kidogo, kiisha akasema, njo juu ya ile nataka mutu mupya aanze na emprimante, ajue ya muzima inaliaje, ili siku moja ikinyamaza asiseme "ni panne tu". Tangu pale nikipita ku gishe masikio yangu iko kule. Nampenda ule muzee Yaya, anafundisha bila kupiga kelele.

Kitu ingine ya huku ni saa. Programu kubwa ya banki iko Kinshasa, sisi wote tunaingia mule kutoka mbali, na unajua Kinshasa bako nyuma yetu kwa saa moja. Kila usiku kuko kazi banaita klotire: programu inafunga siku, inahesabu faida na komisio, inabadilisha tarehe, njo inafungua siku mupya. Inafuata saa ya Kinshasa. Kwa hiyo sisi tukiwa tumechoka saa kumi na mbili jioni, kule ni saa kumi na moja na bado bako nafanya, hatuwezi kuzima. Na asubui ni vile vile, saa moja na nusu niko mbele ya ekrani naangalia kama tarehe imebadilika juu saa mbili milango inafunguka na batu bameishapanga mustari, lakini kule Kinshasa ni saa kumi na mbili na nusu, mwenye anajibu simu ni yule wa zamu ya usiku peke, sauti yake inaonyesha vile usingizi inamulemea. Siku tarehe ikikataa kubadilika mustari wote unangoja, na mi tumbo inanikaza.

Mwisho wa mwezi njo niliona kazi yenyewe. Tangu 2011 serikali ilianza kulipa batu ba serikali kupitia mabanki, kwa hiyo bamwalimu banakuja na siku yao, banatoka Katuba, banatoka Ruashi, bengine na miguu. Saa tatu faiba, ule waya wa internet, ikakatika. Huku koneksio ingine inapitia barabara ya Kasumbalesa kutoka Zambia, bakichimba mutaro mahali tunaanguka. Tuko na antene ya satelite ya kusaidia lakini inapita polepole na inatosha gishe mbili tu, tukazifungua hizo mbili. Nikatoka inje ya biro yetu kuangalia router (mashini ya kugawanya internet), mama mumoja mwalimu, nywele nyeupe, akanishika mukono, hakukasirika, akaniuliza tu: "Mutoto, nirudie nyumbani ao ningoje?" Nikasema mama ngoja kidogo inarudia sasa hivi. Nilimudanganya, sikujua kama inarudia. Alingoja mpaka saa nane kwa jua, na hakukula. Ile imenikaa mu kichwa. Sasa nikitoka nasema kile najua: mama, kwa hizi gishe mbili mustari huu utafika jioni, ama utakuja kesho mapema. Batu banakubali ukweli kuliko vile nilifikiria.

Sasa jambo yako.

Ulisema: "Weye uko ndani sasa, na ni banki yetu ile ile, angalia tu kama pesa ya papa ingali mu konti yangu, unitulize roho." Yaya, siwezi kuangalia. Si wewe njo nakataa. Kwa kazi yangu sina ruhusa ya kufungua konti ya mutu, na hata benye ruhusa, kila bakifungua konti programu inaandika jina yao, na saa, na ordinatere gani, na kuko batu ba kontrole kazi yao ni kusoma ile liste. Siku ya pili tu balinisainisha karatasi ya siri ya banki. Nikikufungulia wewe leo, kesho mutu mwingine wa informatiki anafungulia rafiki yake konti yako. Najua vile utasikia vibaya, na mi nasikia vibaya, wewe ulinilipiaka minerval ya mwaka wa pili wakati baba alikuwa mugonjwa na sikusahau hata siku moja.

Lakini kuko kitu naweza kukuambia bila kugusa konti ya mutu, juu ni namna kazi inafanyika, na hii ningependa uisome polepole. Pesa yako haikuwa mu ile nyumba ya Goma. Mule ndani mulikuwa makaratasi ya pesa mu kofre, ile ya kupatia batu siku kwa siku. Konti yako ni maandishi, jina yako, namba, na kiasi, na ile maandishi inakaa mu serveri kule Kinshasa na kopi yake inakaa mahali pengine, kila usiku inaandikwa tena. Ajansi ilifunga tangu waasi ba M23 bachukue muji mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, taa zikazimika, kufuli ikawekwa, lakini kitabu hakikuwa nyuma ya ile kufuli. Nimeona na macho namna ajansi moja ya huku ilikatika siku nzima, kesho yake ikarudia na kila mutu akakuta hesabu yake vile aliiacha. Ajansi kufunga haifuti konti.

Kwa hiyo nisikilize sana hapa. Ule bwana wa Birere mwenye alikuambia umupatie dola hamsini na kode ya simu yako ili "akufungulie konti", usimupatie. Hata dola moja. Hakuna mutu wa inje anaweza kufungua kitu, kile anataka ni kode, na akipata kode pale njo pesa itapotea kweli, na si kwa sababu ya vita. Kama ulishamupatia namba ya konti si mbaya sana, lakini ile mo de pasi (neno ya siri) ya aplikasio na ile kode inakuyaka mu SMS usiseme kwa mutu, hata mi usiniambie.

Unasema SIM ya zamani ilipotea, njo sababu aplikasio inakataa. Ile namba inabadilishwa ku ajansi, yoyote yenye kufungua, ukija mwenyewe na karte ya uchaguzi na ile karatasi ya kufungua konti. Angalia kama ile karatasi ingali mu sanduku ya papa. Mama mudogo alisema mu mwezi wa kumi na mbili mutaweza kuja huku kwa ndoa, kama njia itakubali. Kuja nayo. Nitakupeleka mpaka ku gishe, kiisha mi nitarudi nyuma, utaongea na bo wenyewe, na utaona hesabu na macho yako.

Unipigie siku ya tatu saa mbili usiku, saa yenu ni moja na yetu, ni Kinshasa tu bako nyuma. Unisalimie batoto, na mama umuambie ile dawa ya mugongo nimeipata, naituma na mutu.

Mudogo wako