Shukrani kwa fundi wa Ruaha Mbuyuni

Kaka yangu ambaye sikukuuliza jina, kama ujumbe huu utakufikia, asante sana.

Jumamosi nilikuwa napandisha mlima wa Kitonga na gunia la vitunguu nyuma. Pikipiki ikawa inanguruma tu, haivuti. Nikageuza hadi kwako Ruaha Mbuyuni, moyoni nikijua klachi imekwisha na hela ya klachi mpya sina.

Hukukimbilia kufungua injini. Uliuliza kwanza, "Dada, oili umebadilisha lini, na uliweka ipi?" Nikakuonyesha chupa: oili ya gari, niliyopewa na shemeji. Ukanieleza taratibu kwamba klachi ya pikipiki yangu inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, kwa hiyo sahani za klachi zinateleza.

Ukawasha injini dakika chache ipate joto, ukamwaga oili yote kwenye karai, ukaifuta nati ya chini kabla ya kuirudisha. Dukani ulikwenda mwenyewe. Ukarudi na lita moja ya oili ya uzito wa 20W-50 yenye maandishi JASO MA, yaani inafaa klachi inayoogelea kwenye oili, ukanionyesha herufi hizo kwa kidole cheusi kwa grisi. Ukapima kiwango pikipiki ikiwa imesimama wima.

Ulichukua hela ya oili tu. Ya ufundi ukakataa: "Kawanunulie watoto mkate."

Jioni ileile niliipanda Kitonga yote na gunia langu. Wenzangu wa pikipiki, someni chupa kabla ya kumimina. Na mafundi, mteja asiyejua mwelezeni kama kaka huyu alivyonieleza mimi.