Msanii mchanga alipwe tangu siku ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee vijana wanaomaliza masomo ya sanaa hapa Bagamoyo. Napangisha vyumba Magomeni, na wengi wao wameishi kwangu. Chuoni wanalelewa vizuri. Tangu 1981 chuo hiki, ambacho leo tunakiita TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), kimetoa wapiga ngoma, waigizaji na wachongaji. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, alifundisha hapa hapa. Taabu huanza wakishakabidhiwa vyeti.

Mwaka jana nilikuwa na kijana wa Kigogo, mpiga zeze. Jumamosi alasiri aliketi barazani akikaza nyuzi, sikio kalilaza karibu na kibuyu, mpaka watoto wa jirani wananyamaza wenyewe. Usiku alikwenda hoteli moja ya ufukweni kuwapigia wageni, saa tatu nzima. Ujira wake sahani ya chipsi na soda, na maneno yale yale: "Hapa unajitangaza, mdogo wangu." Mpishi alilipwa, mlinzi alilipwa, mwenye spika za kukodi alilipwa. Yeye alivumilia miezi mitano. Wa sita akaja kuniaga, anakwenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda ya mjomba wake. Kodi aliyokuwa akidaiwa nilimsamehe. Kilichoniuma ni zeze aliloniachia, akisema huko halina kazi.

Wenye hoteli, nawaomba: pataneni bei kabla ya shughuli, hata iwe ndogo, na kijana aondoke na chake usiku ule ule. Tamasha letu la kila mwaka ni la siku chache, na msanii anakula miezi yote 12.

Halmashauri nayo ina njia. Sheria inaitaka itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 katika hizo ni ya vijana. Mikopo hiyo hutolewa kwa vikundi. Basi maafisa maendeleo ya jamii waende chuoni kabla ya mahafali, wawasaidie wanafunzi kuunda vikundi wangali pamoja, kwani wakishatawanyika makwao ni vigumu kuwakusanya tena. Ngoma na marimba ni vitendea kazi sawa na cherehani.

Zeze lile nimelitundika ukutani. Wiki iliyopita mwenyewe alinipigia simu kuuliza kama panya hawajatafuna ngozi yake.

Mama mwenye nyumba,
Magomeni, Bagamoyo