Zaituni, faili za watu kwanza

Mwanangu Zaituni,

Assalaam aleykum. Jina lako tumelisikia kwenye orodha ya wabunge wa viti maalumu iliyotangazwa na Tume ya Uchaguzi. Baba yako alipandisha sauti ya redio mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Furaha yangu unaijua, sina haja ya kuieleza. Ila tangu jana nina swali moja na simu yako haishikiki: zile faili 31 za wateja wako wa uwakili umemkabidhi nani?

Nauliza kwa sababu yule mzee wa kesi ya shamba amepita hapa leo asubuhi. Alifungua bahasha yake ya kaki akapanga vitu mezani kimoja kimoja: nakala ya hukumu ya Mahakama Kuu, risiti tatu zilizokunjwa mara nne, na kijikaratasi ulichomwandikia namba yako. Hukumu ina siku 19. Notisi ya rufani inatakiwa iingie ndani ya siku 30. Zimebaki 11, Zaituni, na wewe uko kwenye kupanga mabegi.

Unajua kuliko mimi, lakini nitasema. Kuwahi na notisi peke yake hakutoshi. Barua ya kuomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyofanyika mahakamani, nayo iandikwe ndani ya hizo hizo siku 30, na nakala yake apelekewe mjibu rufani, yule aliyeshinda kesi. Hapo ndipo wengi wanapoumia. Barua inafika masjala, mjibu rufani hapewi nakala, halafu mwenendo unachelewa kuchapwa miezi minane. Siku ya kusikilizwa wakili wa upande wa pili anasimama na kusema zile siku 60 za kuleta rufani zilihesabiwa tangu notisi ilipoingia, kwa hiyo rufani imepitwa na muda. Cheti cha msajili cha kuondoa siku za kusubiri mwenendo kwenye hesabu hakimwokoi mtu ambaye hakumpa mwenzake nakala. Mzee anapoteza shamba kwa ajili ya karatasi moja, na shamba lenyewe wala halikujadiliwa.

Usiniambie karani wako anajua. Karani hasaini. Kusaini ni kwa wakili mwenye cheti hai, na ofisini kwako wakili ni wewe tu. Najua ushauri wa kukaa peke yako, usigawane kodi na ada na mtu, ulitoka kwangu. Nilihesabu fedha, sikuhesabu siku kama hizi. Basi tafuta mtu sasa.

Wale wanasheria walioingia bungeni unaowataja kila mara hawakuwa na mzigo huu. Dkt. Tulia Ackson alitoka kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2015 akawa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali, mwaka huo huo akaingia bungeni na kuwa Naibu Spika, na 2022 akawa Spika. Mtu anayetoka darasani au serikalini anakabidhi ofisi kwa mwajiri. Wewe mwajiri wako ni huyu mzee mwenye bahasha, na wenzake 30.

Zigawe faili mafungu matatu. Zenye siku inayohesabika ziende kwa wakili mwingine wiki hii: rufani, na madai ambayo mteja wako ameshapokea wito na anatakiwa alete utetezi ndani ya siku 21. Zilizo kwenye ushahidi zifuate. Zilizokwisha, ambazo zimebaki kukazia hukumu tu, yaani kuifanya itekelezwe, unaweza kubaki nazo, lakini usijidanganye kuhusu bajeti. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili na kwenda mpaka mwisho wa Juni. Miezi mitatu hiyo hutaonekana mahakamani. Hakimu ataahirisha mara ya kwanza akisikia mheshimiwa yuko Dodoma, pengine na ya pili. Ya tatu shauri linafutwa kwa kutofika, na mteja anayajua hayo kwa dalali wa mahakama aliyesimama mlangoni.

Kwa kila faili mteja akubali kwa maandishi kwamba anahamishwa. Hati miliki na nyaraka halisi mrudishie mwenyewe asaini. Juu ya jalada bandika karatasi moja: hatua iliyofikiwa, tarehe ijayo, siku ya mwisho, fedha iliyobaki. Kisha iarifu mahakama na jina la wakili libadilishwe kwenye mfumo wake wa kompyuta, kwa sababu lisipobadilika taarifa zitaendelea kuja kwenye simu yako wewe uliyekaa ukumbini.

Na fedha ya wateja isiguswe. Najua safari ya kura za maoni imekula, na ninajua nani anakudai. Akaunti ya wateja si ya kuazima hata kwa siku mbili.

Kazi yenyewe utaiweza, sina wasiwasi nayo. Muswada unausoma kama unavyosoma mkataba: anzia kwenye tafsiri ya maneno, halafu tafuta kila mahali palipoandikwa kwamba Waziri anaweza kutunga kanuni, maana huko ndiko kunakofichwa tozo na adhabu. Ukitaka kubadili kifungu, lete jedwali la marekebisho kwa maandishi mapema. Kulalamika kwa mdomo kengele ya pili ya kumaliza muda wako ikishagonga hakubadilishi kitu. Omba Kamati ya Sheria Ndogo ukiweza. Haina kamera nyingi, lakini ushuru wa soko unaowaumiza wanawake wa hapa hupitia humo. Ibara ya 100 ya Katiba inakulinda kwa unayoyasema bungeni. Ukiyarudia nje kwenye mkutano wa hadhara, unashitakiwa kama mtu yeyote. Na kesi za wateja wako usizitaje humo ndani. Kanuni za Kudumu za Bunge zinakataza kujadili lililo mbele ya mahakama, nawe ungekuwa na maslahi juu yake.

Watu watakuja na harambee wakidhani una Mfuko wa Jimbo. Waambie mapema kwamba mfuko huo ni wa mbunge wa jimbo. Usiahidi kwa kuona aibu. Tabia hiyo unayo, na umeirithi.

Tarehe ziandike ukutani. Tamko la mali ni ndani ya siku 30 tangu ushike nafasi, na tena kila mwisho wa mwaka, 31 Desemba. Siku hiyo hiyo cheti cha uwakili kinaisha. Tundu Lissu alikuwa mbunge wa Singida Mashariki na rais wa chama chenu cha mawakili, hakuna atakayesema hakujua sheria. Alipigwa risasi Dodoma 7 Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji. Tarehe 28 Juni 2019 Spika Ndugai akatangaza kiti chake kiko wazi, akitaja mambo mawili: kutokuhudhuria bila kumwarifu Spika alipo, na kutowasilisha fomu za mali. Mimi naona mtu aliye kitandani hakutendewa haki. Lakini tazama kilichotumika: karatasi. Ukiugua, ukisafiri, ukijifungua, barua kwa Spika itangulie. Habari ya risasi siisemi, nikiisema barua hii haitaisha.

Baba yako anaendelea vizuri, dawa ya presha anameza akikumbushwa. Machungwa mnunuzi ameyaangalia, anataka kulipia kwa gunia na mimi nataka kwa idadi; hatujaelewana. Bati la jikoni bado linavuja pale pale, ulisema utamtuma fundi. Beba sweta lile zito, Dodoma Juni ina upepo wa baridi. Shangazi yako anauliza kama kuna kadi ya kuingia kuona unaapishwa. Nimemwambia asikusumbue, lakini atapiga.

Mzee nimemwambia arudi Jumatatu saa tatu, utakuwa umempigia wewe mwenyewe, si karani. Ufunguo wa kabati la chuma uliouacha hapa nimeufunga kwenye leso, Hamisi atakuletea Jumamosi kwa basi la kwanza. Usipande gari la Dodoma kabla hajafika.

Mama yako