Barua ya wazi kwa mdogo wangu: watoto waambiwe nini kuhusu wenyeji wa Kanada

Mdogo wangu mpenzi,

Nimepata ujumbe wako ukiniuliza kama kweli wanao wana sababu ya kuvaa fulana za rangi ya chungwa tarehe 30 Septemba, siku ya kuwakumbuka watoto wa shule za bweni za wenyeji wa Kanada, ilhali habari za shule hizo, ambako serikali na makanisa waliwatenga watoto na wazazi wao na kuwakataza lugha zao, ni deni la wazungu na ninyi mmefika Edmonton juzi tu kutoka Mombasa. Nimeona heri nikujibu hadharani, kwa kuwa wengi wetu huku tunaulizana hayohayo.

Nyumba mliyopanga imo katika eneo la Mkataba Namba 6, uliotiwa saini mwaka 1876 kati ya wawakilishi wa Malkia wa Uingereza na wenyeji wa hapo, Wacree pamoja na jirani zao, na kila mgeni aliyekuja baadaye ameishi hapo kwa mgongo wa mkataba huo. Hatukumnyang'anya mtu mtoto wake, ni kweli, lakini ardhi tunaikalia.

Kuhusu wanao watatu, ukweli uwe mmoja kwa wote; kinachopimwa kwa umri ni kiasi chake. Kwa kitinda mimba inatosha habari ya Phyllis Webstad, ambaye mwaka 1973, akiwa na miaka sita, alinunuliwa na bibi yake shati jipya la rangi ya chungwa la kuendea shule, na siku ya kwanza tu alipofika kwenye shule ya bweni karibu na Williams Lake akavuliwa shati hilo, asirudishiwe tena. Mtoto wa chekechea anaujua uchungu wa kunyang'anywa nguo aliyopewa na bibi, kwa hiyo mambo ya makaburi ya watoto waliofia shuleni yasubiri. Mwambie pia kwamba Phyllis yu hai na anazunguka akiisimulia habari hiyo mwenyewe, asije akadhani wenyeji ni watu wa kale waliokwisha, na huku pengine anakaa darasani na mmoja wao.

Wa kati amekaribia umri wa Chanie Wenjack, na huyo ndiye ningemsimulia. Oktoba 1966 Chanie, mtoto wa Kianishinaabe, jamii nyingine ya wenyeji, mwenye miaka 12, alitoroka shule ya bweni ya Kenora akaifuata reli kwa miguu ili arudi kwa baba yake, nyumbani kwao kukiwa mbali kiasi cha kilomita 600, umbali ambao hakuujua. Alikuwa na koti jepesi na kichupa chenye njiti chache za kiberiti. Baridi ikamuua njiani. Fungueni ramani, mwache aifuate reli kwa kidole chake. Atauliza kwa nini hakupanda basi, kwa nini baba yake hakumfuata, na kila swali litawafikisha kwenye sheria za serikali bila wewe kuhubiri.

Kifungua mimba ana miaka 16, na kijana wa rika hilo ukimficha jambo atalisoma kwenye simu, tena kwa upotofu. Mpe yote: watoto wapatao 150,000 waliopitia shule hizo, ripoti ya daktari wa serikali Peter Bryce ya mwaka 1907, iliyoonyesha kwamba takriban robo ya wanafunzi ambao habari zao zilipatikana walikuwa wamekufa, wengi kwa kifua kikuu, na sheria ya mwaka 1920 iliyowalazimisha wazazi kuwatoa watoto waende shule hizo hata baada ya onyo hilo. Akitaka kulinganisha, mkumbushe vibao ambavyo baadhi ya wazee wetu Kenya walivishwa shingoni shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Asiseme tu kwamba ni yaleyale, kwani wengi wa wazee wetu jioni walirudi kwa mama zao.

Fulana zenyewe sina neno nazo, ingawa zinazouzwa madukani si lazima faida yake iwafikie wenyeji. Tazama kwanza nani anauza. Afadhali zaidi mwende Maskwacîs, makazi ya Wacree nje ya jiji upande wa kusini, wanapofanya ngoma zao hadharani na wageni wakakaribishwa.

Kisha kuna kiapo cha uraia. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza habari za shule hizo, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, na wa mwisho ulitaka kiapo hicho kitaje mikataba ya wenyeji. Tangu Juni 2021 kinazitambua haki zao, zikiwemo za mikataba, na kila mwenye miaka 14 na zaidi hukitamka mwenyewe. Siku yenu ikifika, mkubwa wako atasimama kando yako akayaapa maneno hayo, nawe uwe umeshamweleza anaapa nini.

Dada yako