Iguana wa hotelini amefungiwa kamba ya usumba

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilisifu bustani ya hoteli moja ya kaskazini Unguja, eti ina "kenge wa kijani, mpole". Yule si kenge. Ni iguana, mjusi wa Amerika ya Kati na Kusini, na ninamjua kwa kuwa hapo ndipo ninapopeleka mboga.

Kenge wetu mla nyama, kuku wangu ni mashahidi. Iguana hula majani, maua na matunda, na vijidudu vya utumbo mpana ndivyo vinavyomsaidia kuyasaga. Watoto wake huvipata vijidudu hivyo kwa kula kinyesi cha wakubwa. Sasa kijana wa bustani alikuwa akimrushia vipande vya kuku! Nikamwambia, mwanangu, mpe mchicha. Akanionesha unga mweupe puani mwa mnyama, akasema ana mafua. Mafua wapi! Ni chumvi iliyozidi mwilini, huitoa kwa kupiga chafya.

Lakini kilichonifanya niandike ni mlango wa banda, umefungwa kwa kamba ya usumba. Dume hufikia mita moja na nusu au zaidi, hukwea mti mpaka kileleni, na akitishwa hujirusha majini akaogelea. Ukimkamata mkia, hukuachia mkia akaenda zake. Jike hutaga mayai 20 hadi 70 kwa mkupuo mmoja, kwenye shimo analochimba mwenyewe.

Huko Florida na Puerto Rico, iguana walianza kwa kufugwa majumbani. Wengine wakatoroka, wengine wakaachiliwa walipokuwa wakubwa mno. Leo wanakula bustani za watu na kutoboa kingo za mifereji. Florida angalau ina baridi: Januari 2018 waliganda wakawa wanadondoka mitini. Sisi kipupwe chetu kitamdondosha nani? Wala tusiseme Pemba iko mbali. Mwaka 1995, baada ya vimbunga, iguana zaidi ya kumi walivuka bahari wakafika kisiwa cha Anguilla, huko Karibi, wakielea juu ya magogo.

Kunguru nao waliletwa hapa mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe mji. Waulizeni wenye vifaranga.

Namwomba mwenye hoteli atie kufuli leo hii. Na wahusika wa vibali watwambie: huyu mnyama aliingia kwa karatasi gani, na yuko peke yake?

Mkulima wa mboga,
Kaskazini Unguja