Kukosa usaili si kukataliwa

Mhariri,

Mpwa wangu aliomba chuo kikuu kimoja kikubwa cha Marekani. Wiki tatu nzima alilala na simu kifuani akisubiri barua pepe ya kuitwa kwenye usaili. Haikuja. Akaziacha fomu za vyuo vingine nusunusu, akiamini mlango umeshafungwa. Iliniuma sana, maana hakuna aliyekuwa amemweleza mambo yanavyokwenda.

Vyuo kama Harvard na MIT huwatumia wahitimu wao wanaojitolea kuwasaili waombaji. Ukiishi mahali ambapo wahitimu hao ni wachache, unaweza usiitwe hata kama alama zako ni nzuri kupindukia, na vyuo vyenyewe vinasema wazi kwamba kukosa usaili hakumpunguzii mwombaji chochote.

Oxford, chuo kikuu cha Uingereza, ni habari nyingine. Huko kuitwa ni mchujo wenyewe: kati ya waombaji zaidi ya 23,000 kwa mwaka, takriban 10,000 ndio husailiwa, wakigombea nafasi kama 3,300. Usaili ni Desemba, na tangu 2020 unafanyika mtandaoni, kwa hiyo kijana wa Mbeya hahitaji viza wala tiketi ya ndege. Anahitaji chumba kimya na umeme usiokatika.

Nawasihi walimu wa sekondari wawaeleze wanafunzi tofauti hii mapema, kabla maombi ya Oxford hayajafungwa katikati ya Oktoba.

Jana usiku nilikaa na mpwa wangu mezani, tukaifungua tena ile fomu ya pili.

Mjomba, Iringa